Makazi ya Muda: Historia ya Olenguruone na Vijana Wake

Juu ya mwinuko wa Mau, kusini-magharibi mwa mji wa Nakuru, mahali ambapo baridi ya alfajiri huunguza majani ya viazi na ukungu hukaa mashambani mpaka jua liwe juu, pana nchi iitwayo Olenguruone. Msafiri aipitaye leo huona majani chai yaliyochumwa yakawa sawasawa, maduka ya mabati, shule na makanisa, wala hatambui kwamba nchi hiyo ndogo, kwa muda wa miaka themanini na zaidi, imekuwa mahali ambapo serikali moja baada ya nyingine imewaweka watu wasio na kwao, au imewatoa, na ya kwamba katika kila zamu ya kuwekwa na kutolewa, aliyebaki bila mahali pa kulaza ubavu alikuwa kijana, kwa kuwa sheria iliyomhesabu baba yake haikumhesabu yeye. Habari za vita na siasa za Olenguruone zimeandikwa na wengi. Mimi nataka kuzieleza kwa upande wa huyo kijana.

Asili ya kadhia hii iko mbali na Mau. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, serikali ya Kiingereza ilipowagawia walowezi mashamba ya Kiambu na Limuru, Wakikuyu wengi waliokuwa wakiimiliki ardhi hiyo kwa haki ya ukoo walijikuta wapangaji katika nchi ya babu zao. Na maadamu si kila mtu awezaye kustahimili kuwa mpangaji mahali alipozikwa babaye, wengi walihama. Baadhi yao walishuka Bonde la Ufa wakawa maskwota, yaani waliruhusiwa kulima kipande na kuchunga mifugo michache kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku kadha wa kadha kila mwaka. Wengine walivuka wakaingia nchi ya Wamaasai, pande za Melili na Nairagie Ngare, wakakaribishwa, wakaoa na kuozesha, wakalima. Ndipo ikaja Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934, ikaamua kwamba kila kabila lina mipaka yake, na madai ya Wakikuyu nje ya mipaka waliyowekewa yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Sheria ya maskwota ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikakaza fundo hilo mashambani mwa walowezi, kwani ilikusudia kupunguza mifugo na vishamba vya wafanyakazi mpaka wasibakiwe na kitu ila mshahara. Wakati huo huo waliokuwa nchi ya Wamaasai wakaambiwa watoke.

Watoke waende wapi? Hilo ndilo swali ambalo Olenguruone ilikusudiwa kulijibu. Mwaka 1941 serikali ilitenga ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wamaasai, zaidi ya ekari elfu thelathini, ikaanza kuwapeleka huko Wakikuyu waliofukuzwa, maelfu yao, na wake zao na watoto na mbuzi. Hapana budi kukumbusha kwamba msitu wa Mau ulikuwa makao ya Waogiek tangu kale, na Tume ile ile ya Carter ilikuwa imependekeza watawanywe katika makabila makubwa jirani. Basi msingi wa makazi yale ulikuwa na dhuluma chini yake kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Lakini waliofika walifika wakiwa na imani. Waliamini kwamba wamepewa nchi hiyo kuwa fidia ya ardhi yao ya Kiambu, nao wakaanza kuigawa kwa desturi waliyoijua, mzee akimkatia kila mwanawe kipande, na ndugu akimpisha ndugu.

Serikali ilikuwa na mawazo mengine kabisa. Kwake hao hawakuwa wenyeji waliofidiwa, bali walikuwa wapangaji walioruhusiwa kukaa maadamu wanatii masharti, na masharti yenyewe yalipoletwa kuandikwa mwaka 1942, yalikuwa haya: kila familia ipate ekari 8 za kulima na haki ya kuchunga katika malisho ya pamoja, mkulima afuate utaratibu wa bwana shamba wa kupokezanisha mimea na kuiachia ardhi majani ipumzike, kilimo cha mahindi kiwekewe mipaka, mifugo ihesabiwe, na mwenye kukaidi aondolewe. Kisha lilifuata sharti lililo kiini cha maelezo yangu, ambalo kwa maoni yangu lilistahili kusomwa kwa makini kuliko yote, nalo ni kwamba mzee akifa, mrithi wa ekari zile ni mwana mmoja tu, yule mkubwa wa mke mkubwa.

Hebu msomaji afanye hesabu. Mzee mwenye wake wawili na wana saba, ambaye kwa desturi yake angewakatia wote saba na kuwatafutia nchi mpya waliokosa, aliambiwa kwamba sita kati yao, siku watakapokuwa watu wazima, hawana kwao. Hawakuambiwa waende wapi. Haikuandikwa kwamba watajengewa, au watafundishwa kazi, au watapewa masurufu ya kuanzia maisha mjini. Waliachwa nje ya karatasi. Na mabinti hawakutajwa kabisa, kana kwamba kila binti ataolewa na ndoa yake haitavunjika asilan. Watawala waliotunga sharti hilo walikuwa na hoja, wala si haki kuificha: waliogopa ardhi isikatwe vipande vidogo vidogo hata isiweze kulisha nyumba, na waliogopa mmomonyoko wa udongo katika miteremko ile. Hofu hiyo haikuwa ya uongo, kwani Kenya nzima leo inalia kwa vishamba visivyotosha. Walakini kuikinga ardhi isigawanyike bila kumpangia maisha yule usiyemgawia ni kuitunza ardhi na kumtupa mtu.

Watu wa Olenguruone wakakataa kutia sahihi. Kukataa kwao kulidumu miaka, nako hakukuwa kwa ghadhabu za siku moja. Walikutana, walishauriana, walipeleka malalamiko, walikwenda kortini. Walijenga shule yao wenyewe, isiyo ya serikali, watoto wao wakasoma humo. Na tangu mwaka 1943 au 1944 walianza kula kiapo cha umoja, na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo wanahistoria, miongoni mwao Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota, wamelitilia mkazo: kiapo cha chama cha Wakikuyu cha zamani kilikuwa cha viongozi na wazee waaminifu, ilhali kiapo cha Olenguruone kililiwa na wote, waume kwa wake, hata watoto. Aghalabu jambo hili husimuliwa kama hatua ya kuelekea vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, na kwa hakika ndivyo lilivyokuwa. Lakini mimi naliona pia kuwa ni jibu la sharti la urithi. Wazee waliambiwa kwamba mwana mmoja ndiye atakayehesabiwa. Wakajibu kwa kuwahesabu wana wote na mabinti wote. Mwenye kula kiapo alikuwa mmoja wao, awe mkubwa awe mdogo, awe wa mke wa kwanza au wa tatu.

Baada ya kesi na amri, kuanzia mwaka 1948 serikali ilianza kuwatoa kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa na kutiwa moto, mazao yakaharibiwa, mifugo ikatwaliwa. Na hata mwaka 1950 watu wa mwisho walipoondolewa, wengi wao walipelekwa Yatta, upande wa Ukambani, nyanda za joto na ukame ambazo mtu aliyezoea baridi ya Mau angeziona ni dunia nyingine. Huko nako waliambiwa ni makazi. Wengine walirejea Kiambu kwa jamaa wasiokuwa na nafasi, na wengine wakaingia mijini. Na popote walipokwenda walikwenda na kiapo chao na nyimbo zao, jambo ambalo serikali ililijutia baadaye.

Vijana ndio walioingia mijini kwa wingi, si wa Olenguruone peke yao, bali na wengine wa Bonde la Ufa waliofukuzwa mashambani miaka hiyo, na kazi zao zilikuwa za kubeba mizigo, kuuza magazeti, kuosha vyombo mahotelini, kulala penye ukumbi na upenu. Sheria iliwajua kwa jina moja, wazururaji, na dawa yake ilikuwa moja, kukamatwa na kurudishwa kwao, kama kwamba wanako. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na hasa baada ya Operesheni Anvil, msako ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, ambamo zaidi ya watu elfu ishirini waliwekwa kizuizini, ilionekana kwamba katika kambi za Manyani na nyinginezo wamo wavulana wadogo ambao hakuna aliyejua la kuwafanya. Hapo ndipo mwaka 1955 ilipoanzishwa kambi ya vijana ya Wamumu, katika nchi ya Embu, na miongoni mwa walioiendesha alikuwa kijana wa Kizungu mzaliwa wa Kenya, Geoffrey Griffin. Wamumu ilikuwa kambi ya kizuizini, wala nisiipambe. Vijana walipelekwa humo bila hiari, na nidhamu yake ilikuwa ya kijeshi. Lakini ilikuwa na mambo mawili ambayo Yatta haikuwa nayo: ilimfundisha kijana kazi na kusoma, na alipotoka ilijitahidi kumtafutia mahali pa kufanya kazi. Mpaka leo Wamumu ipo, nayo ni shule ya serikali ya kurekebishia watoto.

Kutokana na Wamumu ndipo kikatokea kitu ambacho naomba msomaji aniruhusu nikae nacho kidogo, ijapokuwa kiko Nairobi na si Mau, kwa sababu sijui mfano ulio karibu zaidi wenye kufundisha kuliko huo. Hali ya hatari ilipokuwa ikielekea mwisho, njia za Nairobi zilikuwa zimejaa wavulana ambao baba zao waliuawa au kufungwa, na vijiji vyao vimehamishwa. Novemba 1959, Griffin pamoja na wenzake wawili waliofanya kazi naye, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, wakafungua kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya bati, kwa msaada wa makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Mvulana aliingia humo akiwa hana kitu. Alipewa pa kulala, chakula na nguo, na hayo ndiyo ambayo kila kambi, nzuri na mbaya, huweza kutoa. Lakini baada ya hayo alipewa na darasa. Na darasa la chini lilipokwisha, ikatafutwa njia ya darasa la juu. Na masomo yalipokwisha, ikatafutwa njia ya kazi. Na waliopata walifundishwa kurudi kuwatumikia waliokosa. Yatima na maskini hawakulipa. Vibanda vya bati viliondoka zamani, mahali pake pakasimama shule iliyojulikana kote Afrika ya Mashariki, lakini Griffin hakuondoka: aliiongoza Starehe tangu siku ile mpaka alipofariki dunia mwaka 2005, na mwaka huo huo ikafunguliwa Starehe ya wasichana.

Naomba tufahamiane vizuri hapa. Sisemi kwamba kila kijana asiye na kwao apelekwe shule ya bweni; wala sisemi kwamba mtu mmoja mwenye huruma atosha kuwa siasa ya taifa. Nasema kwamba vibanda vile vya bati vilikuwa vya muda kama vibanda vya kambi yoyote, pengine vibovu kuliko vya Olenguruone, na bado havikuwadhuru waliolala humo, kwa kuwa malezi yaliyokuwa ndani yake hayakuwa ya muda. Hii ndiyo tofauti niitafutayo katika historia yote ya Mau, na mara nyingi siioni.

Mara baada ya uhuru, mwaka 1964, likaanzishwa Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, likiongozwa na Griffin huyo huyo, na mojawapo ya vituo vyake vikubwa ni Gilgil, katika Nakuru. Shirika lilimpa kijana sare, posho, kazi ya barabara na mabwawa, na baadaye ufundi. Walakini muda wa huduma ulikuwa na mwisho wake, na mwenye nyumba alirudi nyumbani na asiye nayo alirudi alikotoka.

Olenguruone yenyewe ilikuwa imepata watu wengine. Waliokaa humo baada ya Wakikuyu kufukuzwa walikuwa Wakipsigis kwa sehemu kubwa, kisha baada ya uhuru wakaja tena Wakikuyu, Wakisii na wengineo, wakanunua vipande, wakapanda viazi na pareto, na majani chai yakaenea mpaka kikasimama kiwanda cha Kiptagich. Kwa miaka zaidi ya ishirini majirani waliuziana maziwa na kukopeshana mbegu. Mwishoni mwa mwaka 1991, wakati wa madai ya vyama vingi, fujo zilizoanzia shamba la Meteitei huko Tinderet zilisambaa, na mwaka 1992 zikafika Molo na Olenguruone. Nyumba zikachomwa tena, juu ya udongo ule ule uliochomewa nyumba mwaka 1948 na 1949. Inakisiwa kwamba katika fujo za miaka ile watu 1,500 waliuawa na 300,000 walipoteza makao nchini kote.

Waliokimbia waliteremka Molo, Elburgon na Nakuru, nao wakapokewa makanisani. Haifai kuandika tarehe za miaka ile bila kumtaja Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa Askofu wa Nakuru tangu 1971 mpaka 1996, ambaye alisema waziwazi, wakati kusema kulipokuwa na hatari, kwamba mauaji yale yalipangwa, na aliyefungua viwanja vya parokia vikawa makao. Hema la parokia lilikuwa na fadhila moja ambayo hema la serikali halikuwa nayo, kwamba padre na masista walilala karibu nalo na walijua majina ya watoto. Lakini kanisa halina ardhi ya kumpa kila mtu, na mwaka ulipopita na wa pili ukapita, wazazi walikodi vyumba vya mbao pembezoni mwa miji, wakawa vibarua, na watoto waliokuwa na miaka kumi walipofukuzwa walibalehe katika vyumba hivyo, watu sita au saba mahali penye nafasi ya wawili, mpaka mvulana mkubwa akaona aibu kuendelea kulala penye mama yake na dada zake, akatoka. Ni mara chache kijana hutoka kwao kwa ugomvi wa siku moja. Huanza kwa kukosa nafasi ya kujinyoosha.

Katika Maela, karibu na Naivasha, walikuwa wamekusanyika waliofukuzwa kwa fujo za namna hiyo huko Enoosupukia mwaka 1993. Desemba 1994 kambi yao ilivunjwa usiku na watu wakapakiwa katika malori, wakatupwa Ndunduri, Ol Kalou na uwanja wa Kirigiti huko Kiambu, kwa hoja kwamba huko ndiko kwao. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu Tume ya Carter, na mawazo yalikuwa yale yale: kwamba kila mtu ana kwao kwa kabila lake, na kazi ya serikali ni kumpatia usafiri.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Huko Kuresoi, ambamo Olenguruone imo, fujo zilitangulia uchaguzi wenyewe, na baada ya matokeo kutangazwa nchi nzima ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza fujo hizo, ilihesabu vifo 1,133. Waliopoteza makao, kwa hesabu ya serikali, walikuwa zaidi ya 600,000. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa mji wa mahema. Mei 2008 serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani, ikiahidi kila familia shilingi 10,000 za kuanzia na shilingi 25,000 za kujengea nyumba. Wengine walirudi mashambani wakapiga hema juu ya majivu yao, katika kambi zilizoitwa za mpito. Wengine, walioogopa kurudi, walichanga fedha zile, wakaunda vikundi, wakanunua kwa pamoja vipande vya ardhi, kama waliotoka kambi za Naivasha na Nakuru wakajenga Maai Mahiu na kwingineko. Baadaye serikali ilinunua mashamba na kuwagawia baadhi yao ekari 2.25 kwa kila nyumba, na mwaka 2013 ikatoa shilingi 400,000 kwa kila familia iliyobaki makambini.

Kwa kila familia: tuyatazame maneno haya kwa makini. Hesabu ya kambi ilifanywa kwa wakuu wa nyumba. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na minne mwaka 2008 aliandikwa chini ya jina la mama yake, kama ilivyo haki. Lakini mwaka 2013, fedha zilipotoka, alikuwa na miaka kumi na tisa, labda ana mtoto mgongoni, na orodha ilikuwa bado ni ile ile. Yatima aliyelelewa na shangazi aliandikwa kwa jina la shangazi, na shangazi ana wake. Kijana aliyekwisha kukimbilia stendi ya Nakuru kabla ya waandikaji kufika hakuandikwa popote. Hapakuwa na mtu mwovu aliyekaa mezani akaandika kwamba mwana mmoja ndiye mrithi. Hata hivyo matokeo yalikuwa jamaa ya karibu sana ya lile sharti la 1942, maana fungu lilipewa nyumba kama ilivyokuwa siku ya kuhesabiwa, na waliokua baada ya siku hiyo wakajitegemea.

Katikati ya miaka hiyo, Novemba 2009, familia zilizotolewa msitu wa Mau wa kusini-magharibi ili miti irudi, na miti kwa hakika ilihitajika kurudi, zilipiga mahema kando ya msitu, nyingi zikiwa za Wakipsigis, ambao wazee wao waliiona Olenguruone ikiwatoa wengine. Sitaki kusema mengi juu yao, ila kwamba watoto wa mahema yale nao sasa ni vijana.

Mjini Nakuru kijana wa namna hii huitwa chokoraa. Anaokota chuma chakavu na chupa, anasukuma mkokoteni, ananusa gundi ili asihisi baridi na njaa, na usiku anatafuta upenu ambao askari wa jiji hawaupiti. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na Nakuru peke yake 2,005. Si wote waliotoka Mau, wala fujo si sababu ya wote. Wapo waliofukuzwa na kifo cha wazazi, na pombe, na baba wa kambo, na ada ya shule. Februari 2019, vijana kadhaa kati yao walikamatwa usiku wakapakiwa garini, wakapelekwa mpaka msitu wa Chemasusu, katika Baringo, wakaachwa huko katika baridi. Jambo hilo lilizua kilio, serikali ya kaunti ikalaumiwa, Seneti ikachunguza. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara moyo wangu hurudi kwa wale wa Yatta na wale wa Maela; kwa kuwa mara tatu, chini ya serikali tatu za namna mbalimbali, mtu asiye na kwao alipewa safari badala ya makao.

Lakini haifai kusema kwamba hakuna aliyejifunza. Mwaka 1997 sheria ya uzururaji ilifutwa. Mwaka 2003 ulianzishwa mfuko wa serikali wa kurekebisha familia za mitaani, na vijana wengi waliokuwa mitaani wakapelekwa Huduma ya Vijana. Mwaka 2009 vijana waliolelewa katika makao ya watoto waliunda chama chao wenyewe ili waseme ambayo walezi hawakuwa wakiyasema, na kubwa lao lilikuwa hili: kwamba siku mtoto anapotimiza miaka 18 makao hayana tena ruhusa wala fungu la kumweka, naye hutoka langoni na begi, hajui kupanga chumba, hana wa kumdhamini, na pengine hana hata kitambulisho, kwa sababu kitambulisho chataka cheti cha kuzaliwa au mzazi, naye hana vyote viwili. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, hapokei mshahara, haandikwi kiwandani kuchuma majani chai. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2014 kuhusu malezi mbadala ulilitambua jambo hilo, ukaweka miongoni mwa namna za malezi, pamoja na malezi ya jamaa na kafala ya Waislamu, namna ya kumwezesha kijana kuishi kwa kujitegemea huku akisaidiwa: chumba chake au cha wenzake wachache, na mlezi anayemtembelea, mpaka asimame. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mkakati wa miaka kumi uliotangazwa mwaka huo, wa 2022 hadi 2032, vimekaza nia hiyo, kwamba watoto watoke katika majumba makubwa warudi kwa jamaa na jamii.

Nchini Uingereza, ambako maofisa wa Olenguruone walitoka, sheria ya mwaka 2000 iliwapa vijana wanaotoka malezi ya serikali mshauri wa kila mmoja na mpango ulioandikwa wa maisha yake, hadi miaka 21, na mwaka 2017 haki ya mshauri ikarefushwa hadi miaka 25. Wametambua, baada ya miaka mingi ya makosa, kwamba mtoto wa tajiri haachiwi na babaye akiwa na miaka 18, na kwamba mtoto asiye na baba ana haja ya muda mrefu kuliko huo, si mfupi.

Kwetu nia imeandikwa, ila vyumba ni vichache. Wilaya ya zamani ya Nakuru leo ni kaunti, na mji wake umepewa cheo cha jiji tangu Desemba 2021. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi kaunti, kwa kifungu kimoja, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto, na kwa kifungu kingine mipango ya maendeleo na nyumba. Kwa hiyo nyumba ya mpito ya vijana wa Kuresoi, iliyo karibu na chuo cha ufundi, ambamo msichana wa miaka kumi na minane na mtoto wake, au mvulana aliyetoka stendi, atakaa miaka miwili au mitatu akisomea ushoni, useremala au umeme, ina mwenyewe wa kisheria, na hapana haja ya kungoja Nairobi. Gharama yake ni vyumba, chakula, safari za kwenda ofisi ya msajili mpaka kitambulisho kipatikane, na mshahara wa mlezi asiyehamishwa kila mwaka, atakayekuwa bado anamtembelea kijana yule baada ya kuhamia chumba chake mwenyewe, akajua kodi imelipwa au haikulipwa. Fungu la namna hiyo liandikwe katika bajeti ya kaunti kwa jina lake, kwa miaka mitano mfululizo, ili lisikatike uchaguzi unapokaribia, ambao ndio wakati ambapo Olenguruone hulihitaji zaidi.